Mwaka Niliolima Nikingoja Mtihani Ufutwe

Sisi tuliokwenda shule enzi za Ujamaa, jembe begani na daftari kwapani, hebu semeni kama nadanganya. Shule yetu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ilikuwa na vyumba vinne vya madarasa na shamba la pamba lisilo na mwisho. Ukichelewa unapalilia, ukiwahi unapalilia pia. Mchana tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, kisha tukarudi darasani tukinuka jasho.

Mwalimu wetu wa siasa aliipenda China kama vile alizaliwa huko. Alitueleza kwamba shule zao zimepinduliwa: mwanafunzi analima, mkulima anafundisha, kazi ya mikono ni heshima, na elimu ni ya kuwatumikia watu. Siku moja akaongeza kuwa hata mtihani wa kuingia chuo kikuu wameufuta, mtu anachaguliwa kwa bidii yake kazini. Lo! Nilikuwa darasa la saba, na hesabu zilikuwa zinanitoa jasho kuliko pamba. Nikawaza: China ni rafiki zetu, wao wameshafuta, basi na wetu hauna siku nyingi.

Nikafunga daftari. Wenzangu wakikariri, mimi niko shambani, namaliza mstari wangu naingia wa jirani. Mwalimu akanisifu kwenye paredi, kichwa kikavimba. Mama ndiye hakufurahi. Kila Jumapili aliomba nichaguliwe kwenda sekondari, niwe wa kwanza katika ukoo wetu wote. Nikamweleza mapinduzi ya China kwa kirefu, naye akasikiliza huku akipepeta mtama.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, "hao Wachina ndio watakaosahihisha karatasi yako?"

Nikamcheka kimoyomoyo. Mama wa watu hakusoma, angejua nini?

Mtihani ukaja, na hapakuwa na swali hata moja la kupalilia. Majina yalipotoka, langu halikuwemo. Mama hakunigombeza. Alinisongea ugali, akanimiminia maziwa mgando, tukala. Iliniuma kuliko viboko vyote nilivyowahi kuchapwa.

Sasa ninaye mjukuu, Kabula, yuko kidato cha nne. Ukimpa jembe anang'oa pamba anaacha magugu. Juzi aliniambia kwamba Wachina waliurudisha mtihani ule zamani sana, na siku hizi watoto wao wanasoma mpaka serikali inawapunguzia mazoezi ya kufanyia nyumbani. Kumbe! Rafiki zangu walirudi darasani wakaniacha shambani, wala hakuna aliyenipa taarifa.

Nikamuuliza yeye mbona hasomi. Akanionyesha simu yake. Akasema siku hizi hii inajibu kila kitu, mitihani itafutwa tu, Babu.

"Hiyo simu ndiyo itakayosahihisha karatasi yako?"

Alinitazama kwa huruma, mdomo umebana kicheko, na kicheko kile nakijua vizuri mno. Enzi zetu tukijidanganya, angalau pamba ilivunwa. Nimeshamwambia mama yake, siku ya matokeo asikose maziwa mgando ndani.