Geji ya Lori la Baba

Lori la dizeli likiunguruma nje na moshi wake ukaniingilia dirishani, mkono wangu wa kulia hutafuta paja la mtu.

Baba alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Sumbawanga, na masikio yake yalikuwa yanakufa. Hakuisikia tena injini ikiomba gia. Ilibaki siku moja tajiri apande naye kwenda Chala kuchukua ulezi, na akigundua angempa mwingine ufunguo. Baba akatafuta geji ya kupima mizunguko ya injini, iliyong'olewa kwenye gari bovu la petroli, ili macho yafanye kazi ya masikio.

Siku nzima aliinama chini ya boneti, upepo wa baridi ukimjaza vumbi. Kebo ya geji ilitaka kuzungushwa na distributa, ile inayogawa moto kwenye plagi za petroli, na dizeli haina distributa. Akaifunga kwenye dainamo kwa mpira. Mshale uliruka, ukarudi sifuri, ukafia hapo.

"Saa yako inasema saa ngapi, baba watoto?" mama aliuliza kwa sauti kubwa, akipepeta ulezi.

"Inasema unyamaze." Akatupa spana.

Mama akanitazama. "Mchukue huyu. Injini ikilia, atakufinya."

Kesho yake nilikaa katikati ya baba na tajiri, nikimfinya baba kila kilima, na gia zikaingia bila kelele. Karibu na Chala, tajiri akagusa kioo cha geji, ambayo baba alikuwa ameiacha kwenye dashibodi.

"Dereva, mbona mshale hautoki sifuri?"

Baba alitazama barabara. Tajiri akarudia. Vidole vyangu vilikuwa juu ya paja la baba, lakini mfinyo wa kumwambia kwamba anaulizwa hatukuwa tumeupanga.