Ndoo ya Mheshimiwa

Kitabu cha miaka mia ya mji kina kurasa themanini na picha nyingi za watu wenye suti, na uongo wake mkubwa kuliko wote uko ukurasa wa kumi na tisa. Hapo imeandikwa kwamba Mheshimiwa, diwani mstaafu, ndiye "aliyewafungulia wananchi maji". Fundi Koki alisomewa ukurasa huo na binti yake jikoni. Akaomba arudiwe. Kisha akacheka kicheko kibaya, akaenda kuvitafuta viatu vyake vya kazi, ambavyo hakuvigusa tangu astaafu.

Na mimi ninayesimulia sikatai, aliwafungulia kweli. Alikuwa na ufunguo wa koki, filimbi na rungu.

Mji huu ulianza na mahema manne ya wazungu waliokuja kupima reli. Wakaipenda baridi ya kilimani, wakajenga huko nyumba zenye baraza pana, na klabu yao. Bomba la kwanza lilivutwa kutoka chemchemi hadi klabuni, likamwagilia maua na kunywesha farasi. La pili likashuka mtaa wa maduka. La tatu, jembamba la kutia aibu, likaishia kambi ya vibarua, ambako familia mia moja ziliwekewa koki moja, ndoo moja kwa kila chumba, asubuhi na jioni. Aliyelinda koki hiyo alikuwa kijana wa kambi hiyo hiyo, aliyepewa kaptula ya kaki na kichwa kikavimba. Watu walimwita Filimbi. Akishapuliza, hata kama ndoo yako imefika nusu, umekwisha.

Jumatano moja jioni mama yake Fundi Koki alirudi na ndoo kwa mara ya pili. Mtoto wake mchanga alikuwa anaharisha, na maji ya kwanza yalikuwa yameishia kwenye nepi. Filimbi hakuuliza. Alimtandika rungu la nyonga, mama akaanguka, ndoo ikabingirika hadi mtaroni. Mwanawe mkubwa, wa miaka saba, alikuwa ameshika upindo wa gauni lake. Nyonga ilipona upande. Yule mchanga hakuiona Ijumaa.

Huyo wa miaka saba ndiye Fundi Koki, na tangu jioni ile alikuwa na haja moja tu duniani: Filimbi abebe ndoo kwa mkono wake mwenyewe, ampelekee mama yake maji, watu wakitazama.

Bendera ikabadilishwa. Wazungu wakafunga masanduku, na wenye mbio wakapanda kilimani kabla vitanda havijapoa. Filimbi akavua kaptula akavaa shati la chama, akawa mwenyekiti, akawa diwani, akapewa nyumba iliyokuwa ya daktari wa kizungu. Mabomba hayakubadilishwa hata moja. Kilimani maji yaliendelea kutoka mchana na usiku. Kambini, ambako sasa kuliitwa mtaa, waliongezewa koki ya pili, ikazinduliwa kwa hotuba ya saa mbili juani. Aliyehutubia mnamjua.

Wenzake Fundi Koki walipokimbilia reli na kiwanda cha sabuni, yeye aliomba kuchimba mitaro idara ya maji. Miaka thelathini na nane alitembea na spana ndefu begani, mpaka akaijua kwa nyayo kila vali ya bomba iliyofukiwa chini ya lami. Ramani za wazungu zililiwa na mchwa stoo, ikabaki moja tu, iliyokuwa kichwani mwake. Vijana wa ofisi wakamwomba aichore, akasema macho yake siku hizi hayana nguvu. Macho yalikuwa mazima kabisa. Alikuwa anajiwekea akiba.

Ndipo miaka mia ikatimia. Mji sasa una maghorofa ya vioo, matangi meusi juu ya kila paa na malori yanayouza maji kwa wale wale ambao babu zao waliyapangia foleni. Katikati ya mzunguko wa barabara halmashauri ikajenga bwawa la mapambo la kurusha maji juu, na jina la Filimbi likachongwa kwenye marumaru. Kando yake kulikuwa na shimo lenye vali tatu za zamani za kulipelekea bwawa maji. Mbili hufunguliwa kwa kuzungusha kulia, moja kushoto, na ukikosea chuma kinakatika, nusu ya mji inakaa kavu mwezi mzima. Injinia kijana aliijua hatari hiyo, ila hakujua ipi ni ipi. Akamwita mzee.

Mzee akaja asubuhi ya sherehe, viti vimeshapangwa na bendi imeshavaa. Akachungulia shimo, akarudisha mfuniko wa chuma, akaukalia.

"Mzee wangu, mgeni rasmi anafika saa nne," injinia alisema. "Tufungue?"

"Tutafungua. Mwambie Mheshimiwa ajaze ndoo pale bomba la sokoni, ampelekee mama yangu. Akishamaliza, maji utayaona."

"Mzee, usinitanie. Leo nitamwaga unga!"

"Pole, mwanangu. Mimi wangu nilishaula ukaisha."

Mheshimiwa akaja mwenyewe, mzee aliyeshiba, koti jeusi, fimbo mkononi. Alipoelezwa, akamtazama Fundi Koki juu mpaka chini.

"Kwani wewe nani?"

"Mtoto wa mama uliyemvunja nyonga kwenye koki ya kambi. Miaka sitini na miwili sasa."

Mheshimiwa akafikiri. Alifikiri kwa kweli, uso umekunjamana, kisha akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, pale nilipiga wengi. Nitamkumbuka yupi?"

Fundi Koki aliona giza. Umri wake wote alilala na kuamka na mtu huyu, na mtu mwenyewe hana habari! Kama si spana kuwa chombo chake cha kazi, angeitumia vingine.

"Leo utamkumbuka," alisema.

"Babu, acha nibebe mimi," akadakia mjukuu wa Mheshimiwa, kijana mwenye mabega.

"Wewe hukuwapo. Kaa," Fundi Koki akamkata.

Watu walikuwa wameshatoa simu. Mheshimiwa akazitazama simu, akatazama marumaru yenye jina lake, akatazama saa. Akavua koti. Ndoo ilikuwa ya lita kumi, na hiyo ni kwa sababu ya umri wake, wala si huruma ya mtu. Kutoka sokoni hadi kambini ni hatua mia nne, na Fundi Koki alizihesabu zote akitembea nyuma, spana begani. Maji yakamwagikia viatu vya Mheshimiwa vinavyong'aa. Akatua mara tatu, akahema mara tatu. Wanawake wa mtaa walitoka milangoni, mmoja akapiga kelele, "Mheshimiwa, usipojaza vizuri unarudi!" na kicheko kikazagaa. Fundi Koki alifurahi, alifurahi sana, na mimi sitamfichia.

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni pa chumba kile kile cha zamani, mguu wa nyonga mbovu ameunyoosha, akichambua maharage kwenye sinia. Akainua kichwa. Sinia likamtoka mkononi.

"Mama, nisamehe," Mheshimiwa alisema kwa sauti ya jukwaani, akiwageukia wenye simu.

Mama alimwangalia mwanawe.

"Ni yeye?"

"Ndiye, mama. Amekuletea maji."

"Nani alikuomba?"

Fundi Koki akainama kuokota maharage.

"Miaka yote hii sijauona uso huu," mama alisema. "Mikutano yake siendi. Gari lake likipita nageukia ukutani. Mnaniuliza kwa nini sihami, sitembei, siji kwako Jumapili. Si mguu. Njia ya kwako inapita kwake. Nilikuwa nimeshaacha kumwota. Nilikuwa nimekaribia kufa bila kumwona tena, na wewe ndio umemleta mpaka hapa."

"Mama, nilitaka alipe."

"Ulitaka wewe."

Akashika fremu ya mlango, akajiinua taratibu, mtu asithubutu kumsaidia. Akaingia. Komeo likalia. Kwa mbali ving'ora vya mgeni rasmi vilikuwa vinakaribia mzunguko.

"Haya, nimebeba," Mheshimiwa alisema, akivaa koti lake. "Twende ukafungue."

Fundi Koki hakumsikia. Alikuwa ameegemeza spana ukutani na kuanza kubisha, kwanza kwa vidole, kisha kwa kiganja. "Mama. Mama, tafadhali."

"Mwondoe kwanza," sauti ikatoka ndani. "Mpeleke alikotoka. Na wewe leo usirudi."