Jina la Mchora Darizi

Mwanangu alikuja baada ya alasiri, akanifungulia simu na kunionyesha ukurasa wangu mwenyewe kana kwamba sijawahi kuuona.

"Mama, hili jina litoe. Weka la duka. Watu sokoni wananiuliza."

"Wanauliza nini?"

"Kama ni wewe."

"Si wameshajua, basi."

Mimi nachora darizi za mabuibui. Nachora ua kwa penseli kwenye karatasi, natoboa mistari yake kwa sindano, kisha naitandika karatasi juu ya kitambaa cheusi na kuipangusa kwa unga wa chaki. Ukiiinua, ua limebaki kwenye nguo, fundi anafuata kwa uzi. Nimeifanya kazi hii tangu marehemu mume wangu afungue duka Kariakoo, na miaka yote mteja akiuliza nani kachora, hujibiwa, "Hapa hapa dukani." Kwetu jina la mwanamke halitajwi sokoni. Nimekuwa binti wa fulani, mke wa fulani, mama wa fulani. Sikuona ubaya, mpaka nilipoanza kuwatazama wabunifu vijana kwenye simu. Kila mmoja jina lake limekaa juu ya kazi yake. Nikataka na langu.

Nikafungua ukurasa, nikaandika jina langu na la baba yangu, chini yake: mbunifu wa darizi. Nilisoma chuo cha Kurani na madarasa matatu ya shule, kwa kuandika hayo yalinitosha. Mengine natuma kwa sauti.

Mteja mmoja akaniingiza kwenye kundi la wabunifu. Vijana humo, neno la kwanza ni, "Mambo, natafuta koneksheni." Mimi sikulelewa hivyo. Hata ukienda kuazima kinu, unauliza kwanza hali za wa nyumbani. Kila asubuhi nikawa natuma sauti ya salamu, mmoja baada ya mwingine kwa jina lake: mtoto wa huyu kaota jino, mama wa yule goti linaendeleaje. Hapa ninaposimulia siyataji majina, wenyewe hawajaniruhusu, lakini ninayo yote kichwani, na ya watoto wao.

Msimamizi wa kundi akaniandikia mbele ya wote: "Shikamoo bibi. Hapa ni kazi tu. Salamu zako zinatumalizia bando."

"Marahaba," nikamjibu. "Na goti la mama?"

Watu wakacheka, akanitoa. Sawa. Nikawafuata mmoja mmoja faragha, na salamu zangu zile zile. Kazi sikuomba. Wao ndio wakaanza: bibi, ua hili litakaaje kwenye kola? Bibi, nani siku hizi anashona kwa mkono? Huyu nikamuunganisha na yule, yule na mwingine. Hata msimamizi alinitafuta, kimya kimya, kunieleza kuwa mama yake sasa anatembea.

Mmoja wao, mshonaji wa magauni ya harusi huko Upanga, ndiye aliyewasha moto. Anaandaa maonyesho, anataka kuyatundika maua yangu ukutani, na chini ya kila ua jina la aliyelichora. Aliniuliza aandike jina gani. Habari ikafika sokoni kabla sijamjibu, na ndiyo iliyomleta mwanangu.

"Aandike duka," alisema. "Duka ndilo linalokulisha."

"Na maua yangu ndiyo yanayolisha duka."

"Marehemu baba angekubali?"

Hapo alinigusa. "Asingekubali," nikamwambia. "Tungegombana kama ninavyogombana na wewe, naye angenuna mpaka wali uive."

Alitaka kucheka, akajizuia. "Mama, umri huu unatafuta jina?"

"Silitafuti. Nililipata siku ya saba ya kuzaliwa kwangu, mbuzi akachinjwa. Nyinyi ndio mmelifungia kabatini."

Nikachukua simu yangu, nikabonyeza pa kurekodi, mwanangu amesimama pale pale. Nikamsalimu yule wa Upanga, nikamuulizia mumewe na watoto wake pacha, kisha nikalitamka jina langu na la baba yangu, polepole, asije akakosea kuandika. Nikatuma.

Mwanangu akachukua funguo za duka. Alipofika mlangoni akauliza maonyesho ni lini. Nikamwambia habari zote nimeziweka kwenye ukurasa wangu, akasome huko kama watu wengine.