Boksi la Gildo na Dirisha la Vidole Vinne

Kaka yangu Gildo alikuwa hajafunga dirisha mpaka mwisho tangu mwaka wa sitini na moja. Nasema ninachokijua. Nyumba yangu na yake zimetenganishwa na uzio wa waya tu, na kwa miaka sitini nimeyatazama madirisha yake kuliko nilivyoutazama uso wangu.

Alikuja bonde hili la Australia mwaka wa hamsini na sita, kijana wa miaka ishirini na mmoja kutoka milima ya nyuma ya Belluno, Italia. Mimi, dada yake, nikamfuata miaka mitatu baadaye. Siku zile kila Mtaliano kando ya mto Ovens alikuwa analima tumbaku, au anamlimia mwenzake. Gildo alipata shamba la kugawana mavuno nusu kwa nusu na mwenye ardhi, na bani moja, banda la mabati la kukaushia tumbaku, refu kama mnara wa kanisa. Kukausha jani si kazi ya mtu apendaye kulala. Siku mbili za kwanza unawasha moto mdogo, jani liive njano. Kisha unafungua tundu la hewa juu ya bani, vidole vinne, jasho la jani lipate pa kutokea. Kisha kiganja kizima. Kisha wazi kabisa. Ukikosea hapo umekosea mwaka.

Mwaka huo wa sitini na moja alikosea. Baridi ilishuka ghafla kutoka mlimani, kuni zilikuwa zimebaki chache, akaogopa kupoteza joto, akalifunga tundu. Asubuhi tulipofungua mlango wa bani jani lote lilikuwa jeusi, linanuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa mezani. Elide, mke wake, alikuwa bibi harusi wa miezi minne, na jani lile alilifunga kwenye fito kwa mikono yake mwenyewe. Hakulia. Alichukua uma wa shamba akaanza kulitoa. Kipupwe chote tulikula polenta, ugali wa mahindi wa kwetu, na majani ya porini, polenta na majani ya porini, na mpaka leo nikiyaona yameota uani nayang'oa kwa hasira.

Baada ya hapo Gildo alichonga kipande cha fito, upana wake vidole vinne kamili, akawa anakipachika kwenye tundu lisije likajifunga tena. Akawa bingwa. Watu walitoka mpaka ng'ambo ya mto kuja kumwita asikilize mabani yao. Hakuhitaji kipimajoto. Alikuwa anashika uzi wa pamba mbele ya tundu, anautazama unavyopepea, anasema, "Lipe nusu saa zaidi." Na ikawa hivyo.

Kisha kampuni zikaacha kununua tumbaku yetu. Mwaka wa elfu mbili na sita tulivuna mara ya mwisho. Mabani mengine yakavunjwa, mengine wageni wa mjini wanalala ndani yake wikiendi na chupa zao za divai. La Gildo liliangushwa na upepo. Kilichobaki ni kile kipande cha fito. Na kifua cha Elide, ambacho kilikuwa kimevuta vumbi la jani miaka arobaini na tano kwenye banda la kuchambulia.

Basi ndiyo kikaja kiangazi kile cha moshi. Milima iliungua tangu kabla ya Krismasi. Moto haukutufikia, ila moshi ulitufikia kila siku ya Mungu. Nguo ukianika zinarudi zinanuka jiko. Ukifuta meza, ukimaliza upande huu, upande ule umeshachafuka. Tulichoka. Hata mbwa walichoka kubweka. Elide alikuwa anakaa jikoni amejiinamia juu ya meza, anapumua kama anayepanda ngazi. Tukaloweka mashuka, tukayatundika milangoni kama mama zetu walivyofanya. Mashuka yakawa ya kahawia, na kifua kikabaki vilevile.

Ijumaa moja ya Januari mtoto wao Silvano akaja kutoka Melbourne. Alishusha kwenye gari mashine nyeupe ya kusafisha hewa, nzuri, ina taa ya duara inayobadilika rangi. Bluu maana yake hewa safi, nyekundu maana yake hatari. Na mfukoni alikuwa na kidude kidogo cha kupimia uchafu wa hewa kwa namba.

"Hii ndiyo wanayotumia hospitali, Mama."

"Basi warudishie hospitali," Gildo akasema. "Bei gani?"

"Dola elfu moja na mia nne."

"Kwa hela hiyo mimi nilinunua trekta."

"Trekta ile ulinunua mwaka wa sitini na nane, Baba."

"Na ilikuwa inatembea."

Silvano akaiwasha jikoni. Ikanguruma, taa ikawa nyekundu, ikabaki nyekundu. Kidude kikasema mia moja na tisini. Baada ya saa mbili kikasema mia moja na sabini. Jikoni kwa Elide si chumba, ni uwanja. Gildo aliubomoa ukuta wa sebule mwaka wa sabini na nne ili wafungaji wa tumbaku thelathini wapate kula meza moja. Silvano akasoma kijitabu, akasema mashine hii ni ya chumba cha kulala. Wakaihamishia huko, wakafunga mlango. Haikupita saa moja taa ikawa bluu na namba ikashuka mpaka kumi na mbili. Mimi nilisimama pale, nikavuta pumzi, na sitasema uongo: ilikuwa hewa tamu. Elide akalala kidogo. Kisha akatoka.

"Mama, rudi ndani."

"Nikafanye nini ndani? Nitage mayai?"

"Mama, ni kwa ajili ya mapafu yako."

"Mapafu yangu yanataka kukaa jikoni."

Hapo ndipo Silvano alipotoa lililomleta. Karibu na kwake kuna makao ya wazee, wana kitanda cha mwezi mmoja, hewa yote ya jengo inachujwa. Alikuwa ameshaongea nao. Akasema, "Jumapili mchana narudi mjini. Namba ya hapa jikoni ikiwa bado inazidi hamsini, Mama anapanda gari na mimi."

Sote tulikuwa tunamfikiria jirani yetu Zita wa pale kona, aliyekwenda kwenye kitanda cha wiki mbili akarudi kwa mazishi. Elide alinitazama mimi, hakumtazama mumewe. Silvano si mtoto mbaya. Nilimlea nusu. Alikuwa anaogopa tu, na mwanamume wa siku hizi akiogopa anapanga ratiba.

Jumamosi asubuhi Gildo alikwenda dukani na gari lake bovu akarudi na feni ya mraba na vichujio vinne bapa, vile vya viyoyozi vikubwa, vyenye mikunjo kama sketi ya shule. Vyote havikufika dola mia moja na ishirini. Akavisimamisha vinne kama kuta za kibanda, mishale yake ya kuonyesha njia ya hewa ikielekea ndani, chini akaweka katoni, juu akalaza feni itupe hewa kuelekea darini, akazungushia utepe wa gundi mpaka kikawa kitu kimoja.

"Baba, hiyo umeiona wapi?"

"Bani lililopinduliwa. Bani linaingiza hewa chini linaitoa juu. Hili linaingiza mbavuni."

"Wenzio wanaosoma wameiweka kwenye mtandao."

"Basi na wao wamelima tumbaku."

Akaiwasha, akachomoa uzi kwenye kopo la Elide la kushonea, akauzungusha pole pole juu ya feni. Katikati uzi ukaruka juu. Kwenye pembe nne ukanyonywa chini. Akaguna. Hewa ilikuwa inarudi ndani kwenye pembe bila kupita kichujioni. Akakata duara kwenye katoni, akaifunika feni kama kofia, pembe zikazibika. Safari hii uzi ulisimama wima. Miaka themanini na minne, na uzi ulisimama wima. Kelele ya boksi ilikuwa ileile ya feni za mabani ya gesi tuliyokuja kuwa nayo baadaye. Elide alipoisikia alifumba macho.

Namba ikashuka. Mia moja na themanini, mia moja na hamsini, mia moja na ishirini. Saa nane mchana ikafika mia moja na kumi na nane, ikaganda hapo. Gildo akaongeza utepe. Akaifumua yote, akaiunga upya. Mia moja na kumi na nane. Jioni Silvano alikuwa ameshaweka begi la mama yake karibu na mlango, nguo za kulala zimekunjwa juu. Gildo aliliona begi, akaenda kukaa kwenye ngazi za nje, ndani ya moshi.

Jumapili nilitoka kanisani nikapitia kwao na bakuli la saladi. Niliingia kwa mlango wa nyuma, kwenye chumba cha kufulia, ambacho kinafunguka moja kwa moja jikoni na mlango wake waliutoa zamani. Nikataka kuweka bakuli juu ya mashine ya kufulia nivue viatu. Kopo la sabuni lilikuwa pale, na juu ya kifuniko chake kulikuwa na majivu. Siyo vumbi, majivu, mepesi, ya majani ya mikaratusi. Nikainua macho. Kidirisha cha juu, karibu na dari, kilikuwa wazi. Vidole vinne. Kimepachikwa kile kipande cha fito cha Gildo.

Nilisimama pale, viatu mkononi, nikachoka upya. Siku mbili, mashine ya elfu moja na mia nne kwanza na boksi la katoni baadaye, zilikuwa zinasafisha bonde zima la Ovens.

Ningeweza kupanda kiti nikakifunga kimya kimya. Silvano asingejua, Gildo angejisifu kwa boksi lake, na Elide angebaki. Lakini nilijua kesho yake asubuhi kabla ya kahawa mkono ule ungekwenda tena palepale, kama ulivyokwenda kila asubuhi. Mkono wenyewe haujui kama unakwenda. Nikamwita.

"Kaka, njoo huku."

Akaja. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Lile vipi?" akasema.

"Liko wazi."

"Liko vidole vinne."

"Moshi unaingia hapo, Gildo."

"Lazima hewa itoke. Ukifunga kabisa linaoza."

"Nini kinaoza?"

Silvano alikuwa amesogea nyuma yetu, akafungua mdomo, nikamkata jicho akaufunga.

"Linaoza nini, kaka? Hapa hakuna jani. Jani limekwisha miaka kumi na tatu sasa. Ndani humu yuko Elide tu."

Alikitazama kile kipande cha fito muda mrefu. Elide akasema kutoka jikoni, hakugeuka hata kidogo, "Kila asubuhi namwona anakifungua."

"Wifi! Umeona, ukanyamaza?"

"Nilimwambia mwaka wa sitini na saba. Nilimwambia mwaka wa themanini na mbili, ile baridi kali. Nimechoka kumwambia." Akavuta pumzi, ya shida. "Na mwaka ule jani lilipooza, alijilaumu kiasi kwamba mimi niliamua, bora nipigwe na baridi."

Silvano akasema, taratibu kuliko nilivyotarajia, "Baba, nikifunge mimi?"

"Usiguse."

Alipanda kiti mwenyewe. Nilimshika kiuno, Silvano akashika kiti. Alichomoa kipande kile, dirisha likashuka, likakataa vidole viwili vya mwisho kwa sababu fremu ilikuwa haijawahi kufika huko. Akalisukuma kwa kiganja mpaka likalia. Kisha akashuka, akatia kipande cha fito mfukoni, akaenda kukaa kando ya mkewe.

Tulikula. Hakuna aliyekitazama kidude, na sote tulikitazama. Wakati wa saladi kilikuwa tisini. Wakati wa kahawa kilikuwa sitini na moja. Silvano alitakiwa kuondoka saa nane, akaomba kahawa ya pili, na yeye kahawa ya pili humfanya asilale. Saa tisa na robo kilikuwa arobaini na nne. Akakirudisha mfukoni, akalichukua lile begi, akaenda kuzirudisha nguo za kulala kabatini. Nilimsikia anafungua droo moja moja, hajui kipi kinakaa wapi.

Mashine yake aliiacha. Elide analala nayo, anasema haina kelele mpaka inamtisha, lakini asubuhi anaamka hajakohoa. Mchana anakaa na boksi la Gildo jikoni. Wanaouliza ipi bora nawajibu kwamba ile ya bei ni nzuri kwa chumba kimoja na mlango uliofungwa, na kichujio chake kipya kitakugharimu kuliko boksi zima la kaka yangu. Boksi linapiga kelele, ni baya kulitazama, na linamudu jikoni lililolisha watu thelathini. Na zote mbili ni takataka kama kuna mtu anakuachia dirisha wazi. Gildo aliunda mengine saba ya majirani mwezi ule. Kila nyumba alikopeleka boksi alizunguka kwanza na uzi wake, dirisha hadi dirisha, na akikuta ufa anamfokea mwenye nyumba.

Moshi uliondoka mvua zilipokuja Februari. Elide bado anapumua kwa shida. Mapafu hayarudi utotoni. Lakini anapumulia jikoni kwake.

Asubuhi nikiwa nasubiri maji yachemke namwona kaka yangu kupitia uzio. Anaingia chumba cha kufulia. Anasimama chini ya kile kidirisha, mkono unapanda wenyewe. Unafika kwenye fremu, unakaa kidogo. Kisha anaushusha, anauangalia, anautia mfukoni kilipo kipande cha fito, anaenda kutengeneza kahawa.