Pamba ya Sandukuni

Baba yangu ana sanda yake tayari. Kwetu Kengeja hilo si la ajabu, wazee wengi wanazo. Imekunjwa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, pamoja na pamba, kafuri, udi na chupa ya marashi, na ya mama imelazwa ubavuni mwake. Mama hulifungua mara chache kuanika vitu visiingie ukungu, na tulipokuwa watoto alitufukuza uani kwanza. Harufu ya kafuri ilitufuata hukohuko uani. Mpaka leo nikiinusa popote, moyo hunishuka.

Nalitaja sanduku mapema kwa sababu ndilo lililonizunguka kwa nyuma, nami macho yangu yalikuwa kwengine, kwenye kifua cha baba.

Baba alianza sigara kabla hajaoa. Alivuta akichuma karafuu, alivuta akipalilia mihogo, alivuta akingoja wali uive. Kikohozi chake ndicho kilichokuwa saa yetu ya alfajiri. Siku daktari wa Chake Chake alipomuonyesha picha ya mapafu yake na kumwambia kwamba asipoacha hayatamfikisha mbali, baba alijibu "Alhamdulillahi," akatoka nje ya hospitali, akawasha. Nilitamani kumpokonya mbele za watu. Sikuthubutu, nikalia njia nzima mpaka nyumbani.

Kaka yangu aliye Dubai akatuma sigara ya umeme. Ni kibomba cha chuma, kizito kama mchi mdogo. Chini mna betri na kitufe, juu mna kikombe chenye waya uliosokotwa, na katikati ya waya hupita pamba. Pamba hunywa maji yake matamu, waya hupata moto, mvuke hutoka. Waya huo uliosokotwa ndio wanaouita koili. Baba alikidharau kwa siku mbili tatu, kisha akakizoea, na sigara akaziacha kweli. Mama alisomesha maulidi. Mimi nilidhani tumevuka.

Halafu koili alizotumiwa zikaungua zote, na hakuna duka hapa linalouza. Baba akaanza kuulizia sigara kwa jirani. Kaka akaniambia kwenye simu, "Si weye mshoni? Sokota mwenyewe, rahisi nno. Waya n'takutumia." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye alikata simu akaenda zake kazini, mimi nikabaki na kibomba mkononi. Nisipojifunza, baba anarudi kwenye sigara inayomuua. Nikijifunza vibaya, chuma kile kinampasukia usoni.

Nikaenda kwa shemeji yangu, ndugu wa mume wangu, anayetengeneza simu sokoni Chake. Aliwahi kufanya kazi Dar es Salaam kwenye duka la vitu hivyo.

"Shemegi," akaniambia, "umeacha cherehani unataka kuwa mvuta bangi?"

"Bangi utavuta weye na ukoo wako. Nifundishe."

Utani ukaishia pale nilipomuwekea kibomba mezani. Alikigeuza, akafungua chini, akatazama ndani kwa muda. Kisha akapandisha suruali yake mpaka juu ya goti. Ubavuni mwa paja palikuwa na kovu pana, limekunjamana kama karatasi iliyolowa. Siku moja alitia betri mfukoni pamoja na funguo, funguo zikagusa ncha zote mbili, na suruali ikawaka naye akiwa ndani yake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, wala hakucheka. "Na kibomba kino hakina akili. Vyengine vina kidude ndani, ukikosea vinakataa kuwaka. Kino hakikatai. Ukikosea weye, nacho kinakosea nawe."

Alinifundisha kwa ukali ambao sikuutarajia kwa mtu tuliyezoea kutaniana naye. Waya unazungushwa kwenye bisibisi nyembamba, mizunguko ikae sawasawa, mmoja usimpande mwenzake. Miguu yake miwili inafungwa kwa skrubu, na mabaki yanakatwa kwa kikata kucha, maana kipande kidogo kikigusa ukuta wa kikombe, umeme unapiga shoti. Kisha mita ya kupimia umeme. Kabla ya betri, mita. Namba ikiwa chini ya moja, fungua uanze upya. Namba ikirukaruka, fungua uanze upya. Betri yenyewe uikague kila siku: ngozi yake ya plastiki ikichanika hata padogo, usiitie.

Kuzungusha waya kulinijia upesi, ni bobini tu kwa mwanamke aliyeshona miaka yote. Hapo ndipo nikajiona fundi. Koili ya tatu niliifunga haraka, nikatia betri bila ya kupima ili nione inavyowaka. Haikuwaka. Kilichopata moto ni kibomba chenyewe, mkononi mwangu, na kabla sijaelewa shemeji alikuwa ameshanipokonya na kukirusha nje kwenye mchanga. Kilitoa sauti ya mafuta yakiangukiwa na maji, kikafoka moshi mzito wenye harufu kali. Watu wa sokoni walisogea nyuma. Mguu mmoja wa waya ulikuwa umelala kwenye ukuta wa kikombe.

Shemeji alingoja mpaka moshi ukaisha. "Hebu fikiri mzee angekuwa nacho mdomoni," akasema.

Nilifikiri. Bado nafikiri. Nikainuka, nikaenda nyumbani bila ya kuaga. Kesho yake nikarudi. Alinisafishia kibomba, akanipa betri nyengine na mita yake ya zamani, nikaanza upya kama mtoto wa chuo cha Kurani anayerudishwa kwenye alifu.

Tangu siku hiyo hapana koili iliyotoka mikononi mwangu bila ya kupimwa. Pamba nilinunua ya dukani, nikaichemsha kwenye sufuria na kuianika juani, kwa sababu shemeji alikataza pamba yenye dawa au harufu yoyote. Kila Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa baba na kikapu changu, nikamfungia koili mpya na pamba mpya. Alilalamika kwamba haimfikishi Ijumaa ya pili, ladha inaungua. Nikamwambia apunguze. Akanung'unika kwamba amezaa askari jela. Nilifurahi kuitwa hivyo, kwa kweli. Niliona nimemshika.

Lakini kikohozi kilirudi. Mara kichwa kikamzunguka barazani hata akashika nguzo. Tulisema ni joto, tulisema ni uzee. Nilipima koili, namba ilikuwa nzuri. Nilikagua betri, nzima. Nililala nikijiuliza nimekosea wapi.

Kisha ikaja Jumatano moja, nikapita bila ya kutarajiwa. Nilipovuka kizingiti tu nikainusa. Kafuri.

"Mama," nikaita, "nani kafa?"

Mama alitoka jikoni mikono imejaa unga. "Hajafa ntu. Una nini weye?"

Nikamtazama baba. Alikuwa amekaa barazani kwa raha zake, kibomba mkononi, akapuliza mvuke mweupe ukanijia usoni. Harufu ya maiti aliyekwisha kuoshwa ilikuwa ikitoka kinywani mwa baba yangu, naye ananitazama.

Nikamnyang'anya. Nilichokuwa siwezi kukifanya mlangoni mwa hospitali nilikifanya siku ile. Nikatoa betri, nikafungua kikombe. Pamba ya ndani haikuwa yangu. Ilikuwa imesokomezwa kwa nguvu, imekuwa ya manjano, na kwa kuisukuma alikuwa ameipinda koili mpaka ukingo wa waya umebakisha uwazi wa unywele kufika ukutani. Nikaiweka kwenye mita. Namba ikaruka. Nikabonyeza waya kwa ncha ya kucha, namba ikaanguka sifuri.

"Baba, unavuta kafuri!"

"Navuta pamba yangu. Yako ina ladha ya sufuria."

"Pamba hii ya maiti, baba."

"Na maiti mwenyewe n'nani?" akasema, taratibu, bila ya hasira. "Si miye?"

Mama alikuwa ameshaingia chumbani. Nilimsikia akiburura sanduku. Nilipomfuata alikuwa amekaa sakafuni, sanda juu ya mapaja yake, na fungu la pamba la baba mkononi limebaki dogo la kujaa kiganja, na chenga za kafuri zimenata ndani yake. Kila wiki niliyojisifu, baba aliingoja pamba yangu ianze kuungua, akaitoa, akatia ya sandukuni. Macho yake hayaoni sindano, na alikuwa akiichokoa kwa kijiti karibu na waya ule.

"Tutakuzika na nini?" mama akauliza, akitazama mlango. Barazani baba alikuwa akikohoa.

Tulimpeleka Chake. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko mara zote, akakataza kafuri, akatuandikia dawa, na mimi akaniambia nje kwamba nisitegemee makubwa. Shemeji alitaka kibomba kitupwe. Nami nilitaka. Lakini njiani kurudi baba alimuomba sigara dereva wa gari, mbele yangu, na dereva akampa.

Basi kibomba kipo. Betri nakaa nayo mimi, katika kikasha chake cha plastiki, na baba havuti nisipokuwapo. Ananichukia kidogo kwa hilo. Na achukie. Ufunguo wa sanduku mama amefunga kwenye pindo la kanga yake.

Wiki iliyopita nilikwenda dukani Chake kununua pamba, fungu moja la kuchemsha na jengine la kulipa lile la sandukuni. Muuza duka ni mzee mwenye adabu, anatujua sote. Aliniona nimeshika mafungu mawili makubwa, akaacha aliyokuwa akiyafanya, akashusha sauti.

"Innalillahi. Poleni, mwanangu. Mzee? Maziko saa ngapi?"

Nilifungua mdomo nimkemee, nikaona nitamkemea kwa lipi.

"Bado," nikamwambia, nikatia pamba kwenye kikapu.