Mkate wa Ndizi wa Kulwa

Watu wa mtaa wetu hapa Bagamoyo wanamcheka Kulwa kwa sababu mkate wake wa ndizi hutoka mbichi katikati. Hata watoto waliozaliwa juzi wanamcheka, wasiojua kwamba palikuwa na wakati mkate huo ukitafutwa mji mzima, na mama wa bibi harusi akiukosa hununa wiki nzima. Nikiwasikia nawatukana, nao wananiita kizee mkali. Sawa. Mimi ni Mwaija, ukuta wa uani kwangu na wa nyumba aliyokaa Kulwa ni mmoja, na najua mkate ule uliharibika siku gani na nani alikuwepo.

Kulwa aliletwa pwani na msafara akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Kwao ni Unyamwezini. Alizaliwa pacha, na pacha mwenzake Doto alifia njiani. Hayo ndiyo aliyoyajua ya kwao, hakuna jingine. Alinunuliwa na mume wa Bi Shaikha binti Azzan, wenye ile nyumba ya mawe na shamba la minazi na migomba kule Zinga. Bi Shaikha hakujaliwa mtoto. Akamweka Kulwa jikoni, akamfundisha kila alichokijua, na alichokijua kuliko vyote ni mkate wa ndizi wa kupalia.

Ndizi ni kisukari, zilizoiva mpaka ganda limekuwa jeusi. Unazipasua kwa urefu, unazilaza ndani ya sufuria ya shaba juu ya samli na sukari guru ya Pangani, kisha unamimina unga wa mchele uliokorogwa kwa tui zito na iliki. Hapo wengi wanafika. Kazi iko kwenye kupalia: moto kidogo chini, na juu ya kifuniko makaa ya vifuu vya nazi, mengi, mekundu. Baada ya hapo mikono unaiweka mapajani. Kifuniko hakiguswi mpaka makaa ya juu yamegeuka jivu jeupe, maana ukifunua mapema mkate unabonyea katikati na hauinuki tena. Kulwa alikuwa na subira ya kuudhi. Ungeweza kumwambia nyumba inaungua, naye akakujibu kwamba jivu bado.

Mume wa Bi Shaikha alipofariki, bibi alimwacha Kulwa huru ili thawabu zimfikie marehemu. Lakini wakati huo Kulwa alikwisha kuzaa. Baba wa mtoto alikuwa mpagazi aliyekwenda bara na mizigo ya watu asirudi, na mtoto, Fatu, alikuwa anatambaa. Mtoto aliyezaliwa mama akiwa mtumwa ni mtumwa, hata kama mama ameachwa huru kesho yake. Ndivyo ilivyokuwa, na mimi wakati ule sikuona ajabu, niseme kweli. Bi Shaikha mwenyewe alikuwa akisema kila Ramadhani, "Fatu ni mtoto wangu, nitamwandika huru." Ramadhani zikapita kumi na tatu. Kulwa hakuuliza hata mara moja lini, maana kumuuliza mtu mzima lini atatimiza ahadi yake ni utovu wa adabu, na Kulwa kwa adabu alitushinda sisi waungwana.

Mwaka wa pili kabla ya Wajerumani kupandisha bendera yao hapa, Bi Shaikha akaanguka kitandani, kifua kimebana. Akaja mrithi wake, Abdullatif, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akifanya biashara ya sukari guru huko Pangani kwenye mashamba ya miwa. Hakuwa mtu wa kelele. Alimuuguza shangazi yake vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini siku moja alimtazama Fatu akipita na mtungi kichwani, akauliza ana umri gani, akasema mashambani Pangani mikono haitoshi. Kulwa alikuwa anakuna nazi. Alinisimulia baadaye kwamba alijikuna vidole asihisi.

Basi asubuhi moja Abdullatif amekwenda Zinga kuangalia shamba, Bi Shaikha akatuita mimi na Kulwa kando ya kitanda.

"Leo nitafutieni mashahidi," akasema. "Wanaume wawili wazima. Nitalisema neno la Fatu mbele yao, mtoto wa kaka yangu asije akasema wanawake wamelizua."

"Liseme sasa hivi, Bibi, sisi tupo," nikamwambia.

"Ninyi mtasikia, lakini hamtasikilizwa."

Nikamtuma mtu kwa Mwalimu Dadi wa chuo cha Kurani na kwa mzee Ausi seremala, waje baada ya sala ya alasiri. Niliporudi nikamkuta Kulwa jikoni anapasua ndizi.

"Unafanya nini wewe?"

"Naandaa mkate."

"Leo?"

"Leo hasa. Mwaija, mwanangu haachwi huru kikavukavu, mbele ya watu wenye midomo mitupu, kama mbuzi anayefunguliwa kamba."

Nikamwelewa. Kwetu mgeni aliyeitwa kwa jambo zito hulishwa kwanza, ndipo jambo likatajwa. Anayeanza na jambo kabla ya sahani ni kama anamwambia mgeni sema uondoke. Na aliyetoka utumwani huangaliwa zaidi: akikosea kidogo tu, watu husema ndiyo asili yake. Kulwa alitaka siku ya Fatu isiwe na kasoro hata moja ya kusemwa. Nikakaa nikamsaidia kuchuja tui.

Tatizo ni kwamba mchele haukuwa umelowa, tukachelewa kuutwanga. Wazee walipobisha hodi, sufuria ndiyo kwanza imebandikwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mzee Ausi," Kulwa akawaamkia, magoti ameyakunja.

"Marahaba, Kulwa. Tumeitika."

Bi Shaikha alikuwa ameegemezwa kwenye mito, kichwa kimefunikwa vizuri. Sauti yake siku hiyo ilikuwa nzima. Mwalimu Dadi akaketi, akasema, "Bibi, tupo. Tuambie ulilotuitia."

Bi Shaikha akafungua kinywa. Kulwa akaingilia kutoka mlangoni, "Niwieni radhi, waungwana. Kidogo tu. Kuna kitu kiko motoni."

Mwalimu akanusa, akacheka. "Kama ndicho hiki ninachokinusa, mimi nangoja hata magharibi."

"Mwacheni," akasema Bi Shaikha, naye akicheka. "Leo ni siku yake. Neno langu halina miguu ya kukimbilia."

Tukarudi jikoni. Fatu alikuwa anafuta sahani tano za kaure zilizotolewa kabatini kwa ajili yake, amevaa leso mpya, na kila akimaliza moja anaifuta tena. Kutoka chumbani tulisikia Bi Shaikha akiwasimulia wazee habari za ujana wake, wakicheka. Kisha akakohoa. Akakohoa tena, kwa muda mrefu.

Kulwa akasimama. "Nauepua."

"Makaa bado mekundu," nikasema.

"Bibi anakohoa, Mwaija. Naogopa."

"Anakohoa mwezi mzima huu. Ukiuepua sasa utatoka uji, uaibike mbele ya Mwalimu. Ngoja."

Akachukua kitambaa, akanyoosha mkono kwenye kifuniko. Nikamshika mkono. Mimi, si mwingine. Nilimshika kifundo nikamvuta nyuma, na tena nikamcheka, nikamwambia, "Wewe uliyetufundisha subira, leo imekuwaje?" Akanitazama, akakaa. Aliniamini, maana nilikuwa nasema maneno yake mwenyewe.

Jivu likawa jeupe. Tukaondoa makaa, tukaupindua mkate kwenye siniya, na sijapata kuona mkate kama ule. Ndizi zimeiva kahawia, zinang'aa, mkate umesimama, mvuke wa iliki unapanda. Kulwa akaubeba mwenyewe, Fatu nyuma yake na sahani.

Mzee Ausi alikuwa amesimama. Mwalimu Dadi alikuwa amemwinamia Bi Shaikha, anamsomea. Mdomo wa Bi Shaikha ulikuwa umekwenda upande, na mkono mmoja unaning'inia nje ya kitanda. Jicho lilikuwa zima. Lilimwangalia Kulwa, likamwangalia Fatu.

Kulwa akaweka siniya chini, akapiga magoti. "Bibi, sema. Neno moja tu. Sema, wanakusikia."

Bi Shaikha akajitahidi. Mishipa ya shingo ikamtoka. Kilichotoka ni pumzi na mate. Akajaribu tena, akajaribu tena, mpaka Mwalimu Dadi akasema basi, msimtese mgonjwa. Mkate ulipoa pale chini, nzi wakaja, hakuna aliyeugusa.

Aliishi siku tatu bila kusema, tukamzika.

Matanga yalipoanuliwa, mimi na Kulwa tukamwendea Abdullatif. Mwalimu Dadi alikuwepo. Tukaeleza yote.

"Shangazi alisema mbele yenu kwamba amemwacha huru?" Abdullatif akauliza.

"Alisema atalisema mbele ya mashahidi," nikamjibu.

"Atalisema. Mwalimu, wewe ulilisikia?"

Mwalimu Dadi alikuwa mtu mwema. Uso ulimbadilika. "Nililoliona najua," akasema. "Lakini siwezi kula kiapo kwa neno nisilolisikia. Nilisikia harufu ya mkate tu."

Abdullatif hakufoka, hakututukana. Alisema Fatu ni mali ya mirathi na ameangukia katika fungu lake, na kwamba yeye pia anaogopa Mungu. Tukaenda kwa kadhi, naye akauliza lile lile, tukajibu lile lile.

Fatu aliondoka asubuhi ya siku ya kumi baada ya mazishi, na leso yake mpya. Hakulia. Alimuuliza mama yake kama Pangani kuna ndizi, na Kulwa akamwambia zipo.

Arobaini ilipofika Abdullatif akarudi, akataka mkate wa ndizi uwe kwenye khitima ya shangazi yake, kwa kuwa marehemu aliupenda. Kulwa akaupika. Nilikuwa kando yake. Makaa ya juu yalikuwa bado mekundu kama yalivyowekwa, akafunua. Mkate ukabonyea. Akaupeleka hivyo hivyo, na wageni wakatazamana. Ningesema nini mimi?

Mwaka wa pili akaenda Pangani kwa miguu. Alikaa miezi miwili. Aliporudi alikuwa na kipande cha sukari guru ndani ya leso, leso ile ile, imechanika. Akaniambia, "Nimeonyeshwa kaburi. Homa, wanasema." Akavunja sukari guru kwa jiwe, akaanza kupasua ndizi. Hakulitaja tena jina la Fatu mbele yangu, wala kile kifundo cha mkono hakukitaja kamwe. Laiti angenitukana, ningelala.

Nyumba ya mawe iliuzwa. Kulwa anakaa kwangu, kibanda cha uani. Kila Ijumaa anapalia mkate wake, na kila Ijumaa hawezi kungoja. Akikohoa mtu, mlango ukigongwa, paka akilia, mkono wake uko kwenye kifuniko. Ananiletea kipande cha kwanza kikiwa moto, juu yake kimeungua, ndani ni uji mtupu, unga unakwaruza kooni. Anasimama mbele yangu mpaka nile.

"Umeiva?" ananiuliza.

"Umeiva," namwambia, na nakula chote.