Sentensi Ambayo Baba Hakuisema

Nikiri mapema kwamba nilizipenda. Wako wanaopenda paka na wako wanaopenda mpira, mimi nilipenda programu za akili unde zilizojaa kwenye simu yangu na kwenye kompyuta yangu kuukuu. Ofisi yangu ilikuwa chumba cha kupanga pale Majengo, Meru mjini, kitanda upande huu na meza upande ule. Niliwaandikia wafanyabiashara matangazo ya mtandaoni: mwenye bucha jirani na msikiti, muuza miraa wa Mikinduri, mama wa vitenge, kwaya mbili tatu za kanisa. Zamani tangazo moja lilinilia asubuhi nzima. Baada ya kupata zile programu, nilimaliza matano kabla uji haujapoa.

Ile ya kuandika ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Niliipa maneno mawili matatu yaliyochakaa, ikanirudishia aya inayoteleza kama imepakwa mafuta. Nyingine ilisikiliza mtu akisema na kuyageuza maneno yake kuwa maandishi. Nyingine ilinipangia siku yangu na kunikaripia kwa adabu nilipochelewa. Ya picha ilikuwa na wazimu wake. Niliiomba mbuzi wa Ruiri, kijijini kwetu penye vumbi, ikaniletea mbuzi mwenye ndevu za kifalme, amesimama kwenye majani mabichi ambayo Ruiri haijawahi kuyaona.

“Dada, hii nyama ya kwa picha inashinda yangu,” mwenye bucha aliniambia siku moja. “Kastoma atakuja akitaka hii, nitampea nini?”

Nilicheka. Nilikuwa mtu wa kucheka sana siku hizo, na wa kudharau pia. Walioendelea kuandika kila kitu kwa mkono niliwaona wazembe waliojificha nyuma ya bidii.

Kisha baba akanipigia simu kutoka Ruiri. Mpimaji wa ardhi alikuwa anakuja, na kabla hajafika ukoo ulitaka mpaka kati ya shamba lake na shamba la marehemu mdogo wake ujulikane. Mke wa marehemu, ambaye mimi namwita mama mdogo, alikuwa analima mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuza, kwenye kipande kirefu kando ya mfereji wa maji. Yeye alisema mpaka ni mfereji. Wengine walisema mpaka ni miti aliyoipanda babu, ambayo iko ng'ambo ya kile kipande. Kama mpaka ni miti, basi kipande ni cha baba, na mama mdogo anabaki bila njia ya maji.

Mwenyekiti wa wazee wa ukoo alikuwa mwalimu mstaafu, na mwalimu mstaafu hapendi kitu kama karatasi. Akaagiza kila upande ulete ushahidi ulioandikwa kwa Kiswahili. Utasomwa mbele ya watu, kisha mwenye ushahidi atashika udongo wa shamba lenyewe na kuapa kwamba maneno yale ni yake na ni kweli. Karatasi ilikuwa mpya, ila kile kiapo ni cha tangu zamani, na hata sisi wa kanisani hatukichezei. Mtu akiapa uongo, udongo unamdai. Nimelelewa nikijua hivyo, na shule yote niliyosoma haijanitoa hilo moyoni.

Nilikwenda Ruiri nikamrekodi baba kwa simu. Alizungumza Kimeru, taratibu, muda mrefu, akisimulia ng'ombe, njaa, harusi, na mambo ya mpaka yakiwa katikati huko. Nilikuwa najibu jumbe za muuza miraa huku anazungumza. Niseme ukweli, sikumsikiliza.

Niliporudi Majengo nililisha ile rekodi kwenye programu ya kusikiliza. Kimeru kiliishinda. Ikatoa vipande: neno hapa, neno pale, katikati upepo mtupu. Ningeketi nikasikiliza mwenyewe, kwani Kimeru si lugha yangu? Lakini siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa na mwenye bucha alitaka tangazo lake. Nikasikiliza mwanzo tu, nikarekebisha vipande vichache, nikavitupa vyote kwenye ile programu ya kuandika. Nikaiambia iandike ushahidi kamili wa mzee kuhusu mpaka, wenye mtiririko mzuri.

Ikaandika ukurasa mmoja na nusu. Lo, ulikuwa mtamu. Kulikuwa na sentensi moja niliyoisoma mara tatu kwa raha: “Nilisimama kando ya baba yangu alipokuwa akipanda miti ya mpaka, na mimi ndiye niliyemshikia miche.” Niliiona kabisa ile picha. Nikajisikia fahari, kana kwamba nimeiandika mimi, nikachapisha nakala mbili.

Siku ya kikao tulikutana uwanjani kwa mwenyekiti, viti vya plastiki vimepangwa, mama mdogo ameketi peke yake na leso begani. Ushahidi wake ulikuwa mfupi, umeandikwa kwa kalamu kwenye daftari la shule. Mwenyekiti akasoma wa kwetu kwa sauti ya darasani. Alipofika kwenye miche, watu waliguna kwa kuridhika. Nilimwona baba akiinua uso.

“Mzee, haya ni maneno yako?” mwenyekiti akamuuliza.

Baba aliitazama ile karatasi. Macho yake hayasomi tena vizuri, na Kiswahili anakisikia lakini hakiamini sana. Akanigeukia. “Ni maneno yangu?” akaniuliza kwa Kimeru.

“Ni yako, baba. Yote.”

Akainama, akachukua udongo, akaufumba mkononi, akaapa. Wazee wakaupa uzito ushahidi wa aliyekuwepo, na kipande cha mfereji kikawa chetu. Mama mdogo alisimama, akajifunga leso vizuri, akamsalimu baba kwa heshima kama siku zote, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye simu yangu ilijaa. Nilikuwa nafuta rekodi za zamani, adhuhuri, adhana imetoka kumalizika, nikafika kwenye ile ya baba. Sijui kwa nini niliifungua kabla ya kuifuta. Labda nilikuwa nimemkumbuka. Nikaiacha icheze huku nakunja nguo, na ilipofika katikati nikamsikia akisema wazi kabisa: “Mambo ya ile miti mimi siyajui. Sikuwepo. Nilikuwa kibarua kwenye mashamba ya ngano huko Timau. Niliporudi nilikuta imeshapandwa. Kama ni mpaka au ni kivuli cha ng'ombe, baba yangu hakuniambia.”

Niliketi sakafuni, nguo mikononi. Nikairudisha nyuma, nikaisikiliza tena, na tena. Baba yangu ameapa uongo, na uongo huo nimempa mimi.

Kama mjinga nikaiuliza ile programu: hii sentensi ya miche uliitoa wapi? Ikaniomba radhi vizuri sana. Ikasema huenda iliongeza maelezo ili kuleta mtiririko. Kisha ikaniuliza kama ningependa iandike upya.

Nilitamani kumpiga mtu, na hakukuwa na mtu wa kupigwa isipokuwa mimi. Jioni hiyo nilianza kufungua kazi zangu zote za nyuma, na woga ukazidi. Historia ya marehemu niliyoiandikia familia moja ya Embu, ilisema mama yao alikuwa akiimba alfajiri. Nani aliniambia hayo? Shukrani za kwaya. Maelezo ya dawa ya mifugo. Sikujua tena lipi niliambiwa na lipi lilijazwa, na watu walikuwa wameyasoma makanisani na makaburini wakalia.

Nikampigia baba. Akakohoa kabla ya kusema hujambo.

“Unaumwa?”

“Vumbi tu.”

Ilikuwa vumbi, Ruiri yote ni vumbi msimu ule. Lakini kikohozi kile nililala nacho na kuamka nacho. Nilimpigia asubuhi, nikampigia mchana, mpaka akaniuliza kama nimefukuzwa nyumba. Sikuthubutu kumwambia. Nilijipa sababu: mpimaji bado hajafika, nitamwambia Jumapili, nitamwambia akipona kikohozi. Nilikuwa naogopa udongo, na nilikuwa naogopa uso wake pia, na sijui kipi kilinitisha zaidi. Siku ya nne nilishindwa kula, nikaenda.

Nilimkuta anakatia ng'ombe majani, na jirani yake ameegemea ua. Baba alikuwa anasimulia. Nikasimama kando nisubiri amalize.

“Kulikuwa na manyunyu,” alikuwa anasema. “Baba yangu alikuwa na koti lile la kijeshi. Mimi nimeshika miche, imefungwa kwa jani la mgomba. Ananiambia nishike vizuri nisivunje mizizi.”

Koti halikuwa kwenye karatasi. Manyunyu hayakuwepo, wala jani la mgomba. Hata ile programu haikuandika hayo.

Jirani alipoondoka nilimwambia yote. Sikujitetea. Nilimwambia sikusikiliza, nilimwambia mashine ilijaza, nilimwambia nilisema ni maneno yake bila kujua. Alinisikiliza huku panga likiwa limelegea mkononi.

“Lakini mikono yake naiona,” akasema. “Ina matope.”

“Hukuwepo, baba. Ulikuwa Timau.”

“Timau nilikwenda baadaye.”

Nikamchezea rekodi. Tuliisikiliza tukiwa tumesimama pale pale, ng'ombe akitafuna. Sauti yake ikasema sikuwepo. Nikaogopa atakasirika, nikatamani akasirike. Hakukasirika. Aliketi polepole juu ya rundo la majani.

“Siku ile mwalimu aliposoma,” akasema, “nilijiambia, mbona hili silikumbuki? Nikakuuliza. Ukasema ni langu. Basi nikajua kichwa changu kimeanza kuharibika kama cha baba yangu alipozeeka. Kila siku nimekuwa nalitafuta. Nikilala nalitafuta. Wiki hii nikalipata.”

Niliizima simu, nikaketi kando yake kwenye majani.

“Udongo haunitishi sana,” akaongeza. “Kilichokuwa kinanitisha ni hicho kichwa changu.”

Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka twende kwa mwenyekiti. Kikao kikaitwa tena, viti vile vile, watu wengi kuliko mara ya kwanza, kwa sababu habari ya mzee anayerudisha kiapo haikai nyumbani. Mama mdogo alikuja na leso yake. Nilisimama nikawaambia nilichofanya. Niliogopa watanizomea, na wachache waliguna, na mmoja akasema kwa sauti, “Hiyo kompyuta yake ndio imezaliwa hapa Ruiri?” Watu wakacheka, nikavumilia.

Mwenyekiti hakucheka. Alikataa kuisikiliza rekodi. Alisema simu siku hizi inaweza kusema lolote, na karatasi ameshayaona matokeo yake. Alitaka mdomo wa mzee, basi. Akaiweka karatasi yetu chini ya kiti, akamgeukia baba.

“Mzee, wacha karatasi, wacha simu. Sema wewe. Siku miti ilipopandwa, ulikuwepo?”

Baba alisimama. Alifungua mdomo. Nilimjua, nilijua anavyotafuta jambo, anavyokunja jicho moja, na niliona akilitafuta. Upande mmoja Timau na ngano, upande mwingine koti la kijeshi na matope, na yote mawili anayaona. Alifunga mdomo. Akaufungua tena. Uwanja mzima ulikuwa unamngoja, na mama mdogo ameacha kuchezea pindo la leso.

Ndipo baba aliponigeukia mimi, mbele ya ukoo wote, akaniuliza kwa Kimeru, kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kusumbua:

“Nilikuwepo?”

“Hukuwepo, baba,” nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akawageukia wazee, akainama kuchukua udongo. Aliniamini papo hapo, bila kusita, vilevile kama alivyoniamini mara ya kwanza.